Tusilipe tena seva inayojulikana na fundi mmoja tu

Katika kituo kimoja cha afya hapa mtaa wa Hewa Bora, pembeni mwa mji wa Lubumbashi, wauguzi walirudi kuandika kwenye kaye kwa muda wa wiki tatu. Kompyuta iliyokuwa inatunza fishi za wagonjwa, hesabu ya dawa na malipo ilizimika usiku mmoja, umeme ulipokatika kisha kurudi kwa nguvu. Asubuhi ilikataa kuwaka.

Nilifika hapo kama mzazi, si kama mwandishi wa habari. Mtoto wangu alikuwa na homa, na muuguzi aliniomba nieleze upya mambo yote niliyokwisha kueleza miezi miwili mbele: dawa gani alipewa, kipimo gani kilifanywa, dawa gani inamletea shida. Nilikumbuka nusu. Mama mmoja aliyenitangulia hakukumbuka hata jina la dawa. Alisema tu: "Ile ya manjano."

Kufa kwa mashine hakukunishangaza. Mashine zinakufa, na katika mji ambamo umeme unakuja na kuondoka bila kuaga, zinakufa zaidi. Kilichonishangaza ni kwamba data zilikuwa salama. Mtunza feza wa kituo alikuwa na nakala kwenye diski ndogo, iliyofanywa jioni ile ile. Siku ya nne kompyuta nyingine ilinunuliwa. Nakala ilikuwepo, mashine ilikuwepo, na bado kazi haikuanza.

"Yaya, feza tulilipa, nakala tuko nayo, mashini mupya hii hapa," muuguzi mkuu aliniambia. "Lakini mwenye kujua namna ya kuiweka iko Kolwezi."

Kijana aliyefunga programu ile alikuwa amepata kazi katika migodi, na hakuna anayeweza kumlaumu. Walimpigia simu. Alijibu kwa heshima: "Mukubwa, siku ile nilifanya mambo mingi. Ingine nilisha sahau." Hakukumbuka aina ya programu ya kutunza data aliyoweka. Hakukumbuka mahali alipobadilisha mipangilio. Hakuandika kitu chochote, kwa sababu hakuna aliyemwomba aandike.

Maoni yangu leo ni juu ya maneno hayo mawili: "mwenye kujua". Katika ofisi, masomo, kliniki, parokia na vyama vya akiba vya mji wetu, tunalipa vijana watufungie programu kwenye kompyuta. Wanakuja, wanakaa siku mbili tatu mbele ya skrini, wanaandika amri moja kisha nyingine, wanatafuta jibu kwenye simu, wanajaribu tena, na mwishowe kitu kinafanya kazi. Tunafurahi, tunalipa. Lakini njia waliyopita haikuandikwa popote. Inabaki katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo ana haki ya kusahau, ya kuugua na ya kuhama.

Ninasema hivi: mtu yeyote anayelipia programu hapa Lubumbashi akatae kupokea mashine iliyofungwa kwa mkono peke yake. Adai pia maandishi ya kazi yenyewe, yaliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyasoma na kuirudia kazi yote bila fundi wa kwanza kuwepo. Watu wa informatiki wanayaita kiolezo. Bila kiolezo, umenunua nusu tu ya kitu ulicholipia.

Kalibu ya matofali

Mkaaji wa Hewa Bora hahitaji diploma ya informatiki ili aelewe jambo hili. Huku kwetu nyumba zinajengwa kila siku. Anayefyatua matofali hapimi kila tofali kwa macho. Ana kalibu ya mbao. Anajaza udongo, anasawazisha, anainua, na tofali la mia linafanana na la kwanza. Akiugua, mdogo wake anachukua kalibu ile ile na kazi inaendelea. Vipimo viko ndani ya mbao, si katika kichwa cha mtu.

Kwa upande wa kompyuta, kazi hii ilikuwa rahisi zaidi kutokana na kitu kinachoitwa mashine pepe. Wazo lake si jipya: kampuni ya IBM ilianza kulitumia katika miaka ya 1960 kwenye kompyuta zake kubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya VMware ililileta kwenye kompyuta za kawaida. Fikiria lupango moja lenye nyumba nne za kupangisha. Udongo ni mmoja, ukuta wa nje ni mmoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, na moto wa jikoni kwa mmoja hauzuii mwingine kulala. Hivyo kompyuta moja yenye nguvu inagawanywa kuwa mashine kadhaa, kila moja na mfumo wake, na kila moja inajiona iko peke yake. Moja inabeba programu ya wagonjwa, nyingine hesabu ya dawa, nyingine majaribio. Moja ikiharibika, unaifuta na kuijenga upya bila kugusa zingine.

Uzuri wake ni kwamba mashine ya namna hii inaweza kuzaliwa kutokana na maandishi. Katika faili moja au mbili unaandika: nataka mashine yenye kumbukumbu kiasi hiki na diski kiasi hiki, iwe na mfumo wa Ubuntu wa toleo hili, iwekwe programu ya kutunza data ya toleo hili, mlango huu wa mtandao ufunguliwe na ile mingine yote ifungwe, nakala ya data ifanywe kila saa mbili za usiku na kupelekwa sehemu fulani. Kisha chombo kinasoma faili na kufanya kazi yote. Kuna vyombo vya bure vinavyofanya hivyo. Ansible, iliyotoka mwaka 2012, inaingia kwenye mashine na kuipanga. Terraform, iliyotoka mwaka 2014, inaomba mashine zenyewe zizaliwe. Cloud-init inaipa mashine maagizo yake ya kwanza siku inapowashwa. Na Proxmox inakuwezesha kugawanya kompyuta yako mwenyewe bila kulipa leseni.

Tena, maandishi haya yakiandikwa vizuri hayasemi tu "fanya hiki, fanya kile". Yanasema hali inayotakiwa. Ukimwambia mtoto "nenda funga mlango", na mlango umefungwa tayari, atarudi bila kufanya kitu. Kiolezo kizuri kinafanya vile vile: kinaangalia, kinasahihisha penye upungufu, kinaacha palipo sawa. Ndiyo maana unaweza kukiendesha mara kumi bila kuharibu.

Na kinatumika tena. Kituo cha afya cha Hewa Bora na kingine cha Kasumbalesa havitofautiani sana: jina, anwani, idadi ya watumiaji, ukubwa wa diski. Tofauti hizo zinawekwa kwenye karatasi ndogo pembeni. Kiolezo kinabaki kile kile. Kazi iliyochukua siku tatu mara ya kwanza inaweza kuchukua saa moja mara ya pili.

Mfano tunao tayari katika afya

Mtu asidhani kwamba ninazungumzia mambo ya Marekani na Ulaya tu. Wizara ya afya ya nchi yetu inakusanya hesabu za magonjwa, chanjo na uzazi kupitia programu inayoitwa DHIS2, iliyoanzishwa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Zaidi ya nchi sabini zinaitumia. Kenya iliiweka mtandaoni kwa nchi nzima mwaka 2011, na Uganda, Tanzania na Rwanda nazo zinaitumia. Kwetu, nchi yenye mikoa 26 na zone za afya 519, ripoti za kila mwezi zinapita humo.

Programu ya namna hii si kitu cha kubofya mara moja na kumaliza. Inataka hifadhi ya data, inataka sehemu ya kuendesha programu yenyewe, inataka mlango wa mbele wenye usalama, inataka kitu cha kuangalia kama mashine inapumua. Kwa miaka mingi kila fundi aliipanga kwa namna yake, na kila seva ilikuwa na tabia yake. Kwa sababu hiyo wanaoitunza DHIS2 walitoa maandishi ya Ansible, bure kwa kila mtu, ambayo yanachukua kompyuta tupu yenye Ubuntu na kuweka kila sehemu katika chumba chake, kwa mpango mmoja. Unajaza orodha ya mashine zako, unaendesha, unasubiri.

Hapo kuna fundisho kwetu. Kama mfumo wa afya unaotumika katika nchi zaidi ya sabini umeona haya kutegemea kumbukumbu ya fundi mmoja, kwa nini kituo cha mtaa, somo la msingi au chama cha akiba kitegemee?

Mkono wa mtu unasahau, hata Marekani

Kuna wanaosema kwamba kiolezo ni cha kampuni kubwa, na sisi wadogo tufanye kwa mkono. Ninawajibu kwa habari ya kampuni kubwa iliyofanya kwa mkono. Tarehe 1 Agosti 2012, huko Marekani, kampuni ya biashara ya hisa Knight Capital ilianza kutumia programu mpya. Ilikuwa na seva nane za kazi ile. Fundi aliweka programu mpya kwenye saba, akasahau moja. Hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakikisha. Soko lilipofunguliwa, seva ile ya nane ikaamsha programu ya zamani na kuanza kununua na kuuza bila mpango. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Miezi michache baadaye ilikubali kuungana na kampuni nyingine.

Fundi yule hakuwa mjinga. Mtu akirudia kazi moja mara nane kwa mkono, siku moja atasahau ya nane. Sisi hatuna dola milioni 440 za kupoteza. Lakini kituo cha Hewa Bora kilipoteza wiki tatu za fishi, wagonjwa wengine waliambiwa walipe tena kipimo walichokwisha kulipia kwa sababu risiti haikuonekana, na mama yule hakupata jina la dawa ya manjano. Kwa mwenye mfuko mdogo, hasara hiyo si ndogo.

Wengine wanasema: tutaweka vyote ng'ambo, kwenye wingu, na shida itaisha. Wingu nalo ni nyumba yenye kompyuta ndani, na nyumba inaungua. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la kampuni ya OVH katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Tovuti nyingi zilizimika, na wateja wengine walipoteza kila kitu kwa sababu nakala yao ilikuwa katika kiwanja kile kile. Waliokuwa na nakala mbali pamoja na kiolezo walikodi mashine nyingine mahali pengine na kurudi kazini. Waliokuwa na nakala bila kiolezo walianza kukumbuka, kama fundi wetu wa Kolwezi.

Wandugu zetu wa Goma hawahitaji kufundishwa juu ya hilo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye watu wa sehemu kubwa ya mji waliambiwa wahame. Mtu anayekimbia na watoto mgongoni hawezi kubeba seva. Lakini maandishi ya kiolezo ni mepesi. Yanaingia katika diski ndogo ya mfukoni, na nakala yake inaweza kukaa Lubumbashi, Bukavu na Nairobi kwa wakati mmoja. Siku watu wanapopata mahali pa kutulia, wanaomba mashine tupu, na ofisi yao inasimama tena.

Wanaopinga wana sababu zao

Nimezungumza na vijana wa informatiki wa mji huu kuhusu wazo hili, na si wote wanalipenda. Nitaeleza hoja zao bila kuzipunguza, kwa sababu zina uzito.

Ya kwanza ni ya tumbo. "Nikiwaachia kila kitu kimeandikwa, kesho wataniita tena wa nini?" mmoja aliniuliza. Ninamwelewa. Katika mji ambamo mwenye diploma anauza maji ya baridi barabarani, siri ya kazi ni akiba. Lakini siri hiyo inamfunga yeye pia. Anapigiwa simu Jumapili kanisani, anapigiwa akiwa msibani, analaumiwa kwa mashine aliyoifunga miaka miwili mbele kwa dola chache. Mwenye kiolezo kizuri anaweza kuhudumia vituo ishirini badala ya viwili, kwa sababu cha ishirini kinamchukua saa moja. Mfyatua matofali hakosi kazi kwa sababu ana kalibu. Anapata kazi zaidi kuliko anayepima kwa macho.

Ya pili ni ya umeme na intaneti. Kiolezo kingi kinavuta programu kutoka mtandaoni, na hapa kwetu mega zina bei na delestaje haina saa. Ni kweli. Lakini vifurushi vinavyohitajika vinaweza kuvutwa mara moja, kutunzwa kwenye diski ya mji, na kiolezo kikaambiwa kichukue humo. Na mahali ambapo umeme unakatika ndipo mashine zinapokufa zaidi, kwa hiyo ndipo kujenga upya kwa haraka kunahitajika zaidi. Delestaje ni sababu ya kutaka kiolezo.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kalibu iliyopinda inatoa matofali yote yaliyopinda. Fundi akikosea kwa mkono, anaharibu mashine moja. Akikosea kwenye kiolezo, anaharibu zote kwa dakika moja. Tena kuna wanaookota kiolezo mtandaoni kutoka kwa mtu wasiyemjua na kukiendesha bila kusoma. Hapo wamempa mgeni ufunguo wa nyumba. Na wengine wanaandika neno la siri la hifadhi ya data ndani ya faili lenyewe, kisha wanalituma kwa WhatsApp. Haya yote ni hatari ya kweli. Dawa yake ni kujaribu kwanza kwenye mashine pepe ya majaribio, mtu wa pili kusoma kabla ya kuendesha, na siri zote kukaa nje ya kiolezo, mahali penye kufuli. Mwashi hupima kwanza tofali moja kabla ya kufyatua elfu.

Kuna na hoja ya nne, ambayo hawakuitoa wao, ninaitoa mimi. Vyombo hivi vingi vinatoka ng'ambo, na wenye navyo wanaweza kubadilisha masharti. Kampuni ya Broadcom iliponunua VMware mnamo Novemba 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu, na wateja wakabaki na malipo ya kila mara. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform iliyokuwa wazi. Lakini kwa kuwa maandishi ya watu yalikuwa mikononi mwao, na programu ya zamani ilikuwa wazi, wengine waliungana wakaanzisha OpenTofu, inayosoma maandishi yale yale. Anayeshika kiolezo chake mwenyewe anaweza kuhama. Aliyenunua mashine iliyofungwa kwa siri anabaki akilipa bei anayoambiwa.

Mambo manne ya kudai

Mimi si injinia. Nimesoma uandishi wa habari. Ninaongea kama mkaaji anayesubiri kwenye benchi la kituo cha afya. Na kama mkaaji, ninaomba viongozi wa vituo, wakubwa wa masomo, maparoko, wachungaji, wenyeviti wa vyama na kamati za afya za CODESA wadai mambo manne kabla ya kutoa feza ya mwisho.

Kwanza, maandishi yawe ya mteja. Mkataba useme wazi kwamba faili za kiolezo ni mali ya kituo, na nakala zake zikae sehemu mbili angalau, moja ikiwa nje ya lupango la kituo.

Pili, kuwe na jaribio la kufuta. Siku ya kukabidhi kazi, fundi achukue mashine pepe tupu na kuijenga programu mbele ya macho ya mteja, kwa kutumia kiolezo peke yake, kisha arudishe nakala ya data ya majaribio. Afadhali mtu mwingine, si fundi mwenyewe, ndiye aendeshe. Ikichukua saa moja, vizuri. Ikichukua nusu siku, tunajua. Ikishindikana, feza inabaki mfukoni mpaka iwezekane.

Tatu, jaribio hilo lirudiwe angalau mara moja kwa mwaka. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza programu za wengine, ilifuta data zake yenyewe kwa makosa, na ilipotafuta nakala iligundua kwamba njia zake tano za kuhifadhi hazikufanya kazi ilivyotakiwa. Ilipoteza data za karibu saa sita. Kama wao waliaminia nakala ambazo hawakuzijaribu, na sisi tunaweza kufanya kosa hilo.

Nne, data za watu na siri zikae nje ya kiolezo. Kiolezo kinaweza kuonyeshwa kwa jirani. Fishi ya mgonjwa haiwezi. Nchi yetu ina sheria ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na ulinzi wa data za watu ni sehemu yake. Sheria hiyo haitakuwa na maana kama neno la siri la kituo kizima linazunguka katika simu tatu.

Kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na masomo mengine ya informatiki ya mji, ombi langu ni fupi. Mwanafunzi anayemaliza leo anatetea kazi yake kwa kurasa nyingi zenye michoro, pamoja na programu inayofanya kazi kwenye kompyuta yake peke yake. Ongezeni sharti moja: mbele ya majaji, programu ile ijengwe upya kwenye mashine tupu kutokana na maandishi ya mwanafunzi. Nusu ya kazi zinazopata alama nzuri zingesimama hapo hapo. Na ile nusu nyingine ingekuwa tayari kwenda kuhudumia Hewa Bora, Likasi na Kipushi siku inayofuata.

Serikali ya mkoa nayo inaweza kusaidia bila gharama kubwa. Hatuhitaji jengo jipya lenye mkasi na utepe. Tunahitaji sehemu moja ya wazi ambapo kiolezo cha kituo cha afya, cha somo na cha ofisi ya komine kinatunzwa, kinasahihishwa na kutolewa bure kwa kila fundi anayekihitaji. Kazi iliyofanywa vizuri mara moja Lubumbashi isifanywe upya vibaya mara mia.

Narudi kwenye kituo chetu. Baada ya wiki tatu, kijana mwingine wa mtaa, mwenye akili na mwenye subira, alifaulu. Alitafuta, akakisia, akajaribu matoleo tofauti mpaka nakala ya data ikafunguka. Wauguzi walimshangilia, na mimi nilifurahi pamoja nao. Fishi ya mtoto wangu ilirudi, na dawa inayomletea shida imeandikwa humo.

Nilimngoja nje nikamuuliza: "Safari hii, uliandika namna ulivyofanya?"

Alicheka. "Yaya, hawakuniomba. Na mimi mwenyewe, mwezi ujao naenda kutafuta kazi Kolwezi."

Basi kituo kimelipa mara ya pili, na kimebaki pale pale kilipokuwa. Ndugu msomaji, kama una ofisi, somo, duka au kliniki inayotegemea kompyuta, kesho asubuhi muulize fundi wako swali moja: mashine hii ikifa leo usiku, nani mwingine anaweza kuirudisha, na kwa saa ngapi? Akikujibu kwa jina lake peke yake, usimkasirikie. Mpe siku chache, umlipe, aandike.